KUWAONA KASA MSIMBATI BILA WAKALA: MAELEZO KWA VIJANA WA NACHINGWEA NA RUANGWA

Swali la kwenda kuogelea na kasa limekuja mara nyingi sana, hasa kutoka kwa wanaotazama zile video za Karibiani. Nimeshaenda Msimbati mara kadhaa na makundi ya marafiki, kwa hiyo naweka ninayoyajua hapa mahali pamoja. Ukitaka, chapisha kabisa ukae nayo mfukoni.

Kule kwenye video mambo yako hivi. Meli ya kitalii inatia nanga Barbados kwa saa chache. Abiria wasiotaka bei za safari zinazouzwa ndani ya meli wanashuka wenyewe, wanachukua teksi mpaka Carlisle Bay, wanapatana na mwenye boti, wanavaa miwani na mrija wa kupumulia, wanawaona kasa, halafu mbio kurudi kabla meli haijaondoka. Sisi hatuna meli, tuna basi. Lakini hesabu ni ileile: muda mfupi, boti ya kupatana, na maji yasiyomsubiri mtu.

Kwetu sehemu ya karibu ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, iliyotangazwa mwaka 2000. Ndiyo hiyo Mnazi Bay mnayoisikia kwenye habari za gesi. Msiichanganye na Mnazi Mmoja ya Lindi, ile njia panda mnayopita kila siku! Kutoka Ruangwa unashuka Nanganga, unapita Mtama, Mnazi Mmoja, halafu unakata kulia kwenda Mtwara. Wa Nachingwea mnaweza kupitia Nanganga au Masasi, kutegemea gari mliyopata. (Wazee watawaambia zamani kulikuwa na treni ya Nachingwea mpaka Mtwara, ya ule mradi wa karanga wa Waingereza. Ni kweli, ilifungwa 1962, na ingetufaa sana leo.) Kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati ni kama kilomita 40, unapita Madimba. Msijidanganye kwenda na kurudi siku moja. Ijumaa safari na kulala Mtwara, Jumamosi bahari, Jumapili nyumbani.

Sasa wikiendi gani? Hapa ndipo watu wa bara tunapokosea, tunachagua tarehe kwa mshahara badala ya mwezi wa angani. Pwani yetu maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo ni bamvua: maji yanakupwa mbali sana mnamo saa 4 asubuhi na kujaa saa 10 alasiri, na yakiwa yanatembea yana nguvu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: yanajaa mnamo saa 4 asubuhi, tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, na mkondo umepoa. Hiyo ndiyo wikiendi yenu. Mnaingia majini kama saa moja kabla ya maji kujaa, mnatoka yanapoanza kurudi. Jedwali la maji ya Mtwara lipo kwenye intaneti bure, litafute hapohapo ulipokaa.

Kwa miezi, mimi napenda Septemba mpaka Novemba. Kusi imepungua, kaskazi haijaanza kupiga, na mvua bado hazijafanya Ruvuma ilete tope baharini. Isitoshe korosho zinaanza kuuzwa Oktoba, kwa hiyo hata wenye mifuko iliyotoboka wanapata nauli. Aprili na Mei achaneni nako. Mnakumbuka Kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Lindi kwenda Dar ilivyokatika. Angalia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa siku mbili kabla ya kuondoka, na wakisema upepo mkali, ahirisheni tu.

Mkifika Msimbati, kwanza ofisi ya hifadhi. Kuna kiingilio, raia wa Tanzania analipa kidogo kuliko mgeni, na malipo yanapita kwenye namba ya malipo ya serikali, siyo mkononi mwa mtu. Dai risiti. Bebeni kitambulisho cha taifa wote. Mpaka wa Msumbiji uko jirani, na tangu shambulio la Kitaya la Oktoba 2020 ulinzi uliongezwa upande huu. Ukiulizwa unatoka wapi jibu kwa adabu, maisha yanaendelea.

Boti mnapatana na wavuvi wenyewe. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji au watu wa hifadhi wawaelekeze kwa nahodha anayeaminika. Msalimieni mzee wa watu vizuri, "shikamoo nahodha", kaeni chini, ndipo mseme shida yenu. Bei ni ya boti nzima, siyo ya kichwa, kwa hiyo watu sita au saba ndio wanapata nafuu. Kiasi sitaji, kinakwenda na mafuta. Kubalianeni yote mkiwa nchi kavu: saa ngapi mnaondoka, saa ngapi mnarudi, mafuta ni ya nani, maboya ya kuvaa yapo mangapi. Boya likipungua moja, mtu mmoja anabaki ufukweni. Wengi wetu tumejifunza kuogelea mtoni au bwawani, na pale Ruvula maji yanakuwa marefu ghafla karibu kabisa na ufuko. Asiyejua kuogelea aende na boya, ashike kamba ya boti, aweke uso majini. Ataona vizuri tu. Miwani na mirija msitegemee kukodi kijijini, nunueni au azimeni kabla.

Na hapa naomba msome polepole. Mnalipia boti, HAMLIPII KASA. Usimwambie mvuvi "ukituonyesha kasa nakuongeza hela". Kwa wewe ni bashishi, lakini kwa mwenye njaa ni oda: anaweza kutega jarife, amkamate, akuletee amefungwa mapezi. Kasa akinaswa chini anakufa maji, kwa sababu anavuta hewa juu kama sisi. Kisheria analindwa, nyama, mayai na hata gamba lake. Tena nyama yenyewe ni kamari. Pemba mwaka 2021 watu 7 walikufa baada ya kula kasa, na Machi 2024 wakafa watoto 8 na mtu mzima mmoja, wengine 78 wakalazwa. Sumu yake haiondoki kwa kupika.

Ndani ya maji mtakutana zaidi na kasa wa kijani, anayekula nyasi za baharini, au ng'amba mwenye mdomo kama wa kasuku, anayekula sponji kwenye matumbawe. Tanzania ina aina tano baharini, lakini hao wawili ndio wanaotaga kwetu. Kaa umbali wa mita tatu au zaidi, usimguse, usimpande, usimkatie njia anapopanda kuvuta hewa. Usimlishe pia. Barbados baadhi ya boti zimewazoesha kasa kula samaki, na kasa aliyezoea boti hakimbii tena, hata ya mwenye nia mbaya.

Mtawaona? Sina uhakika wa kuwapa. Pwani hii iliumizwa sana na uvuvi wa baruti, na kasa jike anahitaji miongo miwili au zaidi kabla ya kutaga. Safari moja niliona watatu, nyingine hakuna hata mmoja, tukaishia kutazama matumbawe na samaki. Anayetaka uhakika aende dimbwi la Mnarani, Nungwi, Unguja, lipo tangu 1993. Mimi binafsi kasa wa dimbwini hanisisimui. Afadhali Mafia, kisiwa cha Juani, ambako watu wa Sea Sense wanalinda viota na katikati ya mwaka unaweza kuangalia vitoto vikikimbilia maji. Ila huko ni boti ya Nyamisati, na bajeti nyingine kabisa.

Waliokwisha kwenda mwaka huu, tupeni hali ya barabara ya Msimbati hapo chini. Na kama kuna kundi la Ruangwa linatafuta watu wa kujaza boti, andikeni tarehe, msisahau kuangalia mwezi kwanza.