Mzio mkali: usisubiri piriton ifanye kazi

Somo hili nililipata ukweni, Keroka, mji wa soko ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Shemeji yangu alikuwa akikata ndizi shambani, nyuki akamuuma shingoni. Alishaumwa mara nyingi zamani bila neno. Siku hiyo, dakika kumi hazikupita, vipele vikamtapakaa mwilini, midomo ikavimba, akatapika. Kisha akaniambia kwa sauti iliyokwaruza, "Shemeji, koo linaniziba."

Tukampa maziwa na kidonge cha piriton, tukakaa kusubiri. Aliposimama, akaanguka. Tulimlaza kwenye gari la jirani hadi kituo cha afya, akachomwa sindano ya adrenalini pajani. Muda mfupi baadaye pumzi ikafunguka.

Mzio wa kawaida huishia kwenye ngozi. Mzio mkali hushika pumzi au mzunguko wa damu. Huku kwetu Pwani waweza kuletwa na kamba au samaki; kwingine ni karanga, nyuki au dawa kama penisilini. Dalili zake ni hizi: kukohoa na kukoroma kifuani, sauti kukauka, ulimi kuvimba, kizunguzungu, kuzimia. Tumbo laweza kuuma sana na kutapika kukafuata. Usingoje vipele, wakati mwingine havitokei.

Fanya hivi:

1. Mlaze chali, miguu juu. Akihema kwa shida, mkalishe akiwa amenyoosha miguu. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimame wala kutembea.
2. Mwiba wa nyuki ukwangue upesi.
3. Mkimbize kituo cha afya, na ukifika sema wazi: "Ni mzio, pumzi inamwishia."
4. Dawa ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, mtoto hupunguziwa. Asipopata nafuu kwa dakika 5, hurudiwa.

Piriton hutuliza muwasho tu. Haifungui koo wala kuinua presha iliyoshuka. Na mgonjwa akipata nafuu asikimbilie nyumbani, kwani dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Abaki chini ya uangalizi.

Ombi langu ni moja: kesho pita kituo kilicho karibu nawe, uliza kama adrenalini ipo. Sisi hatukuwahi kuuliza, tukapoteza dakika ambazo nusura zimchukue shemeji.