Michezo ya wingu kwenye simu

Michezo ya wingu kwenye simu ni michezo ya video inayoendeshwa kwenye seva iliyo mbali na mchezaji. Simu hupokea picha na sauti kupitia intaneti na kurudisha amri za vidole. Kwa njia hiyo simu ya bei nafuu inaweza kuonyesha mchezo ambao kwa kawaida huhitaji kompyuta ya gharama kubwa. Huduma zinazojulikana ni Xbox Cloud Gaming ya Microsoft, GeForce Now ya Nvidia na Luna ya Amazon. Stadia ya Google ilifungwa tarehe 18 Januari 2023.

Kuenea kwa huduma hizo kumetegemea sana kanuni na ada za maduka mawili ya programu, yaani App Store ya Apple na Google Play. Nchini Tanzania, hasa sehemu za milimani kama Lushoto, huongezeka umbali wa seva, bei ya bando na njia za malipo.

Kanuni za Apple

Tangu App Store ifunguliwe mwaka 2008, Apple imekuwa ikichukua kamisheni ya 30% kwenye mauzo ya programu. Tangu Januari 2021 kampuni zenye mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka zinaweza kuomba kutozwa 15%.

Mwezi Agosti 2020 Apple ilikataa programu ya Microsoft ya michezo ya wingu. Sababu iliyotolewa ni kwamba haiwezi kukagua kila mchezo uliomo ndani yake. Microsoft ilijibu kwamba programu za filamu na muziki hazidaiwi ukaguzi wa kila filamu au kila wimbo. Mwezi uliofuata Apple ililegeza kanuni, lakini kwa sharti gumu: kila mchezo uwe programu yake yenyewe dukani, ukaguliwe peke yake na utumie mfumo wa malipo wa Apple. Kwa huduma yenye michezo zaidi ya 100, ruhusa hiyo haikuwa na tofauti kubwa na katazo.

Kampuni zikahamia kwenye kivinjari, kwa kuwa tovuti haipiti dukani. GeForce Now ilifika kwenye iPhone kwa njia hiyo Novemba 2020, na Xbox ikaanza majaribio mwaka 2021.

Tarehe 25 Januari 2024 Apple iliruhusu duniani kote programu moja yenye orodha nzima ya michezo. Suala la ada halikuisha. Mchezaji akinunua kifaa cha mchezo kwa shilingi 10,000 ndani ya programu, kamisheni ya 30% ni shilingi 3,000, na mwenye huduma bado ana seva za kulipia na mgawo wa mwenye mchezo. Microsoft iliiambia mamlaka ya ushindani ya Uingereza kwamba kwa masharti hayo biashara hailipi. Hata hivyo mamlaka hiyo ilimaliza uchunguzi wake Machi 2025 bila kuchukua hatua juu ya michezo ya wingu, kwa kuwa katazo la awali lilikuwa limeondolewa.

Google Play haikuwa na katazo kama hilo. Aidha, simu ya Android inaweza kupakiwa programu kutoka nje ya duka.

Tanzania na milima ya Usambara

Simu nyingi nchini ni za Android, kwa hiyo katazo la Apple liliwagusa Watanzania wachache moja kwa moja. Kikwazo cha kwanza kilikuwa kingine: Xbox ilipoanza huduma yake kwenye Android Septemba 2020, ilifunguliwa katika nchi 22, na hakuna hata moja ya Afrika.

Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Unafikiwa kwa barabara ya kona nyingi kutoka Mombo, penye barabara kuu ya kwenda Arusha. Mabonde ya Usambara ni ya kina na milima huzuia mawimbi ya simu, hivyo mnara mmoja hauhudumii eneo kubwa kama ungefanya tambarare. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara vijijini.

Mchezo wa wingu hauwezi kuhifadhiwa na kuchezwa baadaye kama filamu. Mtandao ukikatika kidogo, mchezo husimama. GeForce Now hudai kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha chini. Kasi hiyo ikitumika yote, saa moja hula zaidi ya gigabaiti 6, ambazo kwa wengi ni bando la siku kadhaa. Tena seva zikiwa Ulaya, amri ya kidole husafiri maelfu ya kilomita kwenda na kurudi kabla picha haijabadilika. Kwa mchezo wa karata hilo si tatizo, lakini kwenye mpira wa miguu mchezaji huchelewa kila pasi.

Kodi na malipo

Tangu Julai 2022 Tanzania hutoza kodi ya 2% kwenye mapato ya huduma za kidijitali za kampuni za nje, mbali na VAT.

Kulipa kwenyewe ni shida kwa asiye na kadi ya benki. Nchini Kenya Google Play ilianza kupokea M-Pesa mwaka 2018. Watengenezaji wa michezo wa Afrika nao hubanwa na kamisheni na malipo ya kadi. Mwaka 2022 studio 10, zikiwemo Usiku Games ya Kenya na Khanga Rue Media ya Tanzania, ziliunda umoja uitwao Pan Africa Gaming Group. Umoja huo ulianzisha duka lake, Gara, ambalo mteja hulipa kwa pesa za simu.