KIGEUGEU: MAANA YA NENO NA MATUMIZI YAKE KATIKA SIASA

Neno "kigeugeu" hutumika sana katika mabishano ya kisiasa, na mara nyingi hutumika vibaya. Kila anayebadili msimamo huitwa kigeugeu, na mjadala hukomea hapo. Yatupasa sisi makada kulichambua, maana tusi lisilochambuliwa huziba fikra.

Neno hili limetokana na kitenzi "geua". Shina lake limetajwa mara mbili, kama katika "kimulimuli" na "kizunguzungu". Kimulimuli hamuliki mara moja. Huwaka na kuzimika, huwaka na kuzimika. Vivyo hivyo kigeugeu ni mtu wa kugeuka tena na tena, leo huku, kesho kule, asiye na mahali anapokwenda. Kwa hiyo aliyegeuka mara moja, kwa sababu inayojulikana, si kigeugeu.

Tuchukue mfano wa Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. TANU ilikuwa inaupinga ubaguzi huo. Hata hivyo, baada ya mjadala mkali, Mkutano Mkuu wa Mwaka uliamua kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuunda African National Congress.

Je, TANU ilikuwa kigeugeu? La. Lengo lilikuwa Uhuru, nalo halikuguswa. Kilichobadilika ni njia. Uamuzi ulifanywa kikaoni, na wapinzani wake walisikilizwa. Tena faida haikwenda kwa viongozi wachache. Wagombea waliopewa msaada na TANU walishinda katika chaguzi za 1958 na 1959, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Basi vipimo ni vitatu: Je, lengo limebaki? Je, wanachama wameelezwa na kujadili? Je, nani amefaidika?

Vipimo hivyo si vya kuwapimia wengine tu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, Azimio la Zanzibar lililegeza masharti hayo. Mwalimu Nyerere alilikosoa badiliko hilo hadharani. Wanafunzi huniuliza darasani: huku nako ni kubadili njia, au ni kubadili lengo? Siwajibu kwa mkato. Huwarudisha kwenye vipimo vitatu, na kipimo cha tatu ndicho kinachowanyamazisha kwa muda mrefu zaidi.

Kada anayeogopa kujipima kwa neno hili hana haki ya kumtupia mwenzake.