Munara bila watu: kazi ya injenieri Walter Binaghi na Congo ya 1960



Wengi wetu tulirudi kwa meli, toka Kigoma mupaka Baraka. Wengine walirudi kwa ndege. Mutu akishuka ndege anahesabu watoto wake na mizigo yake. Haulizake nani alipima pisti, wala nani alikuwa ku redio akimuambia rubani: sasa unaweza kutua. Leo tuzungumuze juu ya mutu mumoja wa ile kazi, juu historia yake inagusa inchi yetu.

Walter Binaghi alikuwa injenieri wa Argentina. Alifanya kazi ndani ya OACI, shirika la mataifa lenye kuangalia mambo ya ndege za raia. Inchi 52 zilitia sahihi mapatano yake kule Chicago katika Mwezi wa 12, 1944. Shirika lenyewe lilianza tarehe 4 Mwezi wa 4, 1947, na makao yake iko Montreal, Canada. Kule Binaghi aliongoza kwanza ile Tume ya mafundi wenye kutayarisha kanuni: pisti iwe na upana gani, mataa yawekwe namna gani, rubani na munara wasemezane kwa maneno gani. Katika 1957 alichaguliwa kuwa prezida wa Baraza la OACI, fasi ya Edward Warner wa Marekani. Alikaa pale mupaka 1976, miaka 19.

Mutu anaweza kusema: kanuni ni makaratasi tu. Hapana. Tuchukue Goma. Muji uko juu zaidi ya meta 1,500, na kule hewa ni nyepesi. Ndege yenye muzigo uleule inapaswa kukimbia mbali zaidi kuliko ingekuwa kando ya bahari, ndipo ipae. Ukifanya pisti fupi juu ya kupunguza feza, watu ndio watalipa. Ile ndiyo hesabu ya muinjenieri.

Sasa tufike 1960. Kiwanja cha N'Djili kilikuwa kingali kipya, na pisti ya zaidi ya kilometa 4. Tarehe 30 Mwezi wa 6 tukapata uhuru. Siku tano tu kisha, maaskari wakaasi, na Wabelgiji wakaanza kukimbia. Kati yao kulikuwa wale wenye kuongoza ndege, mafundi wa redio na wapimaji wa hali ya hewa. Wakongomani walikuwa hawajafundishwa kushika zile fasi. Na ile wakati ndiyo ndege za ONU zilianza kuleta maaskari kutoka inchi mbalimbali. Pisti ilikuwa pale. Mataa yalikuwa pale. Lakini munara bila mutu ni nyumba ndefu tu.

OACI ikatafuta wataalamu kwa haraka, ikawatuma Congo pamoja na kazi ya ONU, ili minara na redio zisinyamaze. Tusimuongezee Binaghi sifa isiyo yake: hakukuja kushika mikro kule N'Djili. Yeye alikuwa Montreal. Lakini mufikirie: mutu wa inchi ingine anashuka, anaingia katika munara asioujua, anasema na rubani asiyemujua, na wanasikilizana. Inawezekana tu juu kanuni zilikuwa zimeandikwa mbele, katika miaka ya amani, na wote walikuwa wamejifunza kanuni zilezile. Kisha wale wageni wakaanza kufundisha Wakongomani kazi. Katika 1972 RVA ikazaliwa, na viwanja vikawa mikononi mwa watu wa inchi. Binaghi alikuwa angali prezida kule Montreal.

Mukono wa mutu hauzuie kila kitu. Tarehe 17 Mwezi wa 1, 2002, Nyiragongo ilipasuka, moto wake ukafunika upande wa kaskazini wa pisti ya Goma. Ndege ziliendelea kutumia kipande kilichobakia. Tarehe 15 Mwezi wa 4, 2008, ndege moja ilishindwa kupaa, ikaangukia mutaa wa Birere, watu wakakufa. Kuondoa yale majiwe na kutengeneza pisti ni kazi ya miaka mingi. Na kwanza inaomba watu wenye kujua.

Ndiyo sababu ninaandika hii katika gazeti letu. Tuliporudi, tulipewa mabati, tukapewa na pompi ya maji. Tunashukuru sana. Lakini pompi ilipoharibika, ilikaa miezi mingi, na bamama wakarudia kuchota ku mutoni, juu kati yetu hakukuwa hata mumoja wa kuifungua. Ilikuwa N'Djili yetu ndogo.

Kwa hiyo, wakati tutagawanya feza za chama, na wakati wafazili watauliza tunahitaji nini, tusiseme tu mabati na simenti. Tutoe vijana wetu, wasichana na wavulana, waende kujifunza: umeme, redio, pompi, kupima udongo. Na yule atakayetoka huko injenieri wa viwanja, tutamupokea na ngoma. Anayekuja kutusaidia siku moja atarudi kwao. Ile siku, munara wetu usibakie bila mutu.