Printa inajuaje wewe ni nani?

Juzi nilipita saiba ya rafiki yangu huku Yamumbi, Eldoret, nikakuta ugomvi. Kumbukumbu za printa zilionyesha kurasa 64 kwa jina la kijana anayehudumia wateja, na pesa hazikuonekana. Mwenye saiba alitaka kumkata mshahara. Kijana akaapa hakuziprinti.

Nikachungulia. Kompyuta zote 5 zilikuwa zimefunguliwa kwa akaunti moja, yenye jina lake. Kwa hiyo kila mteja aliyeprinti alihesabiwa kuwa yeye!

Hii si ajabu ukijua historia. Nenosiri na printa hazijawahi kupatana. Mwaka 1962 pale MIT, Marekani, mtafiti Allan Scherr alipewa saa 4 tu kwa wiki kwenye kompyuta ya mfumo wa CTSS. Hazikumtosha. Akapeleka kadi iliyotobolewa kuomba faili la manenosiri liprintiwe, na likaprintiwe kweli! Akapata saa za wenzake.

Miaka ya 1980 wakaja watu wa Unix ya Berkeley na LPD, programu ya kuprinti kupitia mtandao. Itifaki yake iliandikwa rasmi mwaka 1990 katika RFC 1179. Humo kompyuta inataja jina la mwenye kazi, na printa inaamini. Nenosiri halipo. Kilichoangaliwa ni kama kompyuta yenyewe inajulikana.

Mwaka 1999 ikaja IPP, pamoja na CUPS ya Michael Sweet, ambayo Linux na Mac zinatumia mpaka leo. IPP inapita juu ya HTTP, hivyo inaweza kuomba jina na nenosiri. Lakini ni lazima mtu aiwashe. Usipoiwasha, jina linalotumwa ni lile la akaunti uliyofungulia kompyuta. Hata ukiiwasha, kidirisha mara nyingi hutokea kikiwa kimeshajazwa jina hilohilo, na watu hubofya tu.

Kwa hiyo ndugu zangu, jina kwenye kumbukumbu za printa si ushahidi mpaka nenosiri liwe limeulizwa. Bila hilo ni kama bahasha: yeyote anaweza kuandika jina la mtumaji nyuma yake.

Tulitengeneza akaunti ya kila kompyuta, tukawasha nenosiri kwenye CUPS. Kazi ya nusu saa. Mshahara wa kijana haukukatwa.

Je, printa ya ofisini kwenu inauliza, au inaamini tu?