Mfumo wa cheche katika injini ya petroli: kutafuta hitilafu na kutengeneza kwa usalama

Mfumo wa cheche ni vifaa vinavyotengeneza umeme wa volti nyingi na kuufikisha kwenye plagi, ili mchanganyiko wa petroli na hewa uliomo ndani ya silinda uwake. Umo katika magari na pikipiki zote za petroli na za gesi. Injini ya dizeli hainao. Yenyewe huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na zile plagi zake za kupasha joto ni kitu kingine kabisa, hazirushi cheche.

Gereji ina maneno yake kwa hitilafu za mfumo huu: gari linamisi (silinda haiunguzi sawasawa), linakohoa, linakata moto, au linapigwa stata mpaka betri inalala na haliwaki. Maneno hayo hutaja dalili tu. Dalili hizohizo huletwa pia na pampu ya mafuta iliyokufa, nozeli chafu au valvu iliyoungua, na hapo ndipo wenye magari wengi hupoteza fedha: plagi mpya, koili mpya, kisha koili nyingine, na gari bado linamisi.

Jinsi unavyofanya kazi

Betri iliyojaa ina volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa. Umeme huo hauwezi kuruka hata upenyo wa milimita moja ndani ya silinda yenye hewa iliyobanwa. Panahitajika volti elfu kumi na zaidi, na koili nyingi za leo zina uwezo wa kukaribia volti 40,000. Koili ina mizingo miwili ya waya juu ya kiini cha chuma, mmoja wa waya mnene wenye mizunguko michache, mwingine wa waya mwembamba wenye maelfu ya mizunguko. Mkondo ukipita kwenye mzingo mnene hujenga sumaku. Mkondo ukikatwa ghafla sumaku huporomoka, na volti hupanda kwa kishindo katika mzingo mwembamba. Cheche basi huzaliwa umeme unapokatwa, si unapowashwa. Asiyelijua hili hupima koili na kuambulia majibu yasiyomsaidia.

Historia ya mfumo huu kwa sehemu kubwa ni historia ya kile kinachokata mkondo. Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860 huko Paris. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa karakana ya Bosch mjini Stuttgart, alitoa magneto ya volti nyingi, ambayo haikuhitaji betri. Kisha Charles Kettering wa Marekani akauunganisha mfumo na betri, na Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa zikiwa na stata, taa na cheche za umeme pamoja. Katika mfumo wa Kettering mkondo hukatwa na pointi, vibapa viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta kwa nafasi ya milimita 0.4 hadi 0.5. Tangu miaka ya 1970 kazi hiyo ilianza kuchukuliwa na transista, na baadaye distribyuta yenyewe ikaondolewa: kila silinda ikapewa koili yake iliyokaa juu ya plagi, kompyuta ya gari ikitoa amri baada ya kusoma sensa ya krenki.

Pikipiki ndogo nyingi za bodaboda zina njia yao. Kiboksi kidogo cheusi kinachoitwa CDI huhifadhi umeme wa mamia ya volti katika kapasita, kisha huutupa wote kwa mpigo mmoja kwenye koili.

Hatari za kazi hii

Umeme wa koili ni wa muda mfupi mno na mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana mafundi wengi wamewahi kupigwa nao wakacheka. Lakini wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hawapaswi kusogea karibu na injini inayowaka huku waya wa plagi ukiwa umeng'olewa. Kwa wengine madhara makubwa huja baada ya mshtuko wenyewe: mkono unaruka na kutua kwenye feni au mkanda unaozunguka. Feni ya umeme huweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo swichi izimwe na ufunguo utolewe kabla mkono haujaingia.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni moto. Ni desturi katika gereji nyingi kuosha vipuri kwa petroli kwenye kopo lililokatwa, na ni desturi pia kujaribu plagi kwa kuilaza juu ya injini na kupiga stata. Mambo hayo mawili yakikutana mahali pamoja, mvuke wa petroli unasubiri cheche tu. Tena injini ambayo imepigwa stata muda mrefu bila kuwaka hutema mvuke wa mafuta kupitia tundu la plagi lililo wazi. Anayetaka kujaribu cheche akate kwanza mafuta kwa kutoa fyuzi ya pampu au kuchomoa soketi za nozeli, aweke kizimamoto cha unga karibu, na asiache betri ikichajiwa pembeni, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Kuna mazoea mawili ambayo mwandishi wa makala haya angependa yafe kabisa. La kwanza ni kung'oa terminali ya betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama alteneta inachaji. Katika gari la zamani la pointi fundi aliweza kuponyoka. Katika gari lenye kompyuta, volti hupanda ghafla na kuunguza saketi za bei kubwa kuliko alteneta yenyewe. Voltimita hutoa jibu hilohilo kwa sekunde tano: ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 hivi injini ikiwaka, inachaji. La pili ni kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikinguruma ili kusikia silinda iliyolala. Cheche isiyo na pa kwenda hutoboa koili kwa ndani, na petroli isiyoungua hukimbilia kwenye katalitiki ya ekzosi na kuipasha mpaka iyeyuke. Kwenye magari ya kisasa huchomolewa soketi ya nozeli badala yake.

Magari ya haibridi kama Toyota Prius na Aqua yana nyaya za rangi ya chungwa zenye mamia ya volti za kuua, na injini yake huweza kuwaka yenyewe muda wowote taa ya READY inapokuwa imewaka. Asiyefunzwa kazi ya haibridi asiziguse nyaya hizo.

Kutafuta hitilafu

Uchunguzi huanza kwa macho na maswali. Linamisi lini? Likiwa baridi, wakati wa mvua, au mlimani? Gari linalonguruma vizuri likiwa limesimama, au kama fundi wa Tanzania asemavyo likiwa sailensa, lakini likaanza kugongagonga linapopanda mlima wa Kitonga likiwa na abiria watano, limeshaeleza mengi. Pedali ikikanyagwa hewa nyingi huingia, mgandamizo hupanda, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo volti inayohitajika kuruka upenyo wa plagi inavyozidi. Koili dhaifu hutosha sailensa na kushindwa mlimani. Kwa sababu hiyohiyo cheche ya buluu inayoonekana plagi ikiwa nje si ushahidi wa uzima: nje ina hewa ya kawaida, ndani ina hewa iliyobanwa karibu mara kumi. Kipima cheche chenye upenyo mpana, ambacho bei yake haifiki ya koili moja, husema ukweli zaidi.

Mfano mzuri ni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, gari la kazi linalojulikana kila pembe ya Kenya na Tanzania. Taa ya injini inawaka, gari linatetemeka, na mashine ya kusomea inatoa msimbo P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: ya tatu haiunguzi sawasawa. (P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu.) Fundi mwenye haraka huagiza koili. Mwenye utulivu huhamisha koili ya silinda ya tatu kwenda ya kwanza na ya kwanza kuja ya tatu, anafuta msimbo, analiendesha gari. Msimbo ukigeuka kuwa P0301, hitilafu imesafiri na koili, na koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0303, ahamishe plagi. Ukibaki tena, atoke kwenye umeme aende kupima nozeli na mgandamizo. Jaribio lote halizidi nusu saa na halihitaji kununua kitu.

Kabla ya hapo atazame soketi. Koili ya injini hiyo ina waya nne: umeme wa betri, athi, amri ya kompyuta, na jibu la koili kwamba amri imetekelezwa. Jibu likikosekana, kompyuta hukata mafuta ili katalitiki isiungue, na fundi atabadilisha plagi hadi achoke. Joto hukausha plastiki ya soketi, kibano kinavunjika, soketi inalegea; katika miji ya pwani hewa ya chumvi huongeza kutu ya kijani kwenye pini. Waya uliofungwa kwa kamba ya mpira baada ya kibano kuvunjika umewahi kuitwa koili mbovu mara nyingi kuliko koili zenyewe.

Katika magari ya distribyuta fundi hufungua kifuniko na kutafuta mstari mweusi mwembamba kama unywele, njia ambayo umeme umejichongea kwenda kusikotakiwa. Mstari huo haufutiki kwa kitambaa, kifuniko hubadilishwa. Wakati wa masika unyevu hutosha kulizima gari, na hapo kukausha kwa kitambaa safi ni tiba kamili. Nyaya za plagi hupimwa ukinzani: kwa Toyota nyingi za aina hiyo waya mmoja usizidi kilo-omu 25. Usiku, boneti ikiwa wazi na mikono ikiwa mbali, nyaya zilizochoka huonekana zikimetameta.

Gari linalozimika baada ya safari ndefu, likapumzika nusu saa, kisha likawaka kama halikuumwa, huwa na kifaa kinachokata kikipata joto. Zamani wakosaji walikuwa koili na kondensa, na madereva walifunika koili kwa kitambaa chenye maji. Leo mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, ambayo msimbo wake ni P0335.

Plagi kama shahidi

Plagi ikitolewa husimulia yaliyokuwa yakitendeka ndani. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi au cheche dhaifu. Mafuta mabichi ya injini kwenye ncha yanashtaki ringi au sili za valvu. Mafuta yaliyo upande wa nje tu, ndani ya tundu la plagi, yanashtaki mipira ya tapeti kava, na hayo hulainisha mpira wa koili mpaka cheche inavuja pembeni. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi: mafuta kidogo, taimingi iliyowahi mno, au plagi ya kiwango cha joto kisichofaa injini hiyo.

Kubadilisha na kukamilisha

Plagi hutolewa injini ikiwa imepoa, kwa sababu kichwa cha aluminiamu kikiwa na moto huachia hesi zake pamoja na plagi. Vumbi la tundu hupulizwa kwanza. Mchanga ukidondoka ndani hukwaruza silinda. Plagi mpya huingizwa kwa vidole, na mahali vidole havifiki fundi huivika kipande cha mpira wa mafuta na kuizungusha nacho: ikikaa vibaya mpira huteleza, spana isingeteleza. Ikishafika chini hukazwa nusu mzunguko hivi kwa plagi yenye washa mpya, au kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ambayo kwa plagi za kawaida za milimita 14 huwa karibu nyutoni-mita 18 hadi 25. Upenyo wa 1NZ-FE yenye plagi za kawaida ni milimita 1.1, pikipiki nyingi ndogo hutaka 0.6 hadi 0.8. Plagi ya iridiamu haisuguliwi kwa msasa wala brashi ya waya, kwani ncha yake ni nyembamba kama sindano, na iliyochakaa hutupwa.

Bodaboda isiyo na cheche hukaguliwa kwa mpango uleule, ila kuna swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani ambayo abiria au mtoto huigusa bila kujua. Wapo waliokwisha kununua CDI kwa sababu ya swichi hiyo. Baada yake hutazamwa kofia ya plagi, ambayo kwa nyingi huzungushwa tu kutoka kwenye waya. Ncha ya waya iliyooza hukatwa nusu sentimita na kofia kurudishwa.

Baada ya matengenezo msimbo hufutwa na gari hujaribiwa likiwa na mzigo, kwenye mwinuko, injini ikiwa imepata joto lake. Gari lililojaribiwa likiwa limesimama uani mwa gereji halijajaribiwa.