Ndege wa Porini Katika Bustani za Uingereza

Karne ya 19 ilipoanza, Mwingereza mwenye ardhi alimlenga ndege wa porini kwa bunduki zaidi ya kumtazama. Charles Waterton, bwana wa Walton Hall karibu na Wakefield, alikwenda kinyume. Mwaka 1813 aliwajengea bundi makao ya mawe juu ya magofu ya lango la kale, ingawa bundi huko, kama kwingi Afrika Mashariki, alihesabiwa kuwa ndege wa mkosi. Kufikia 1826 alikuwa amezungushia eneo lake ukuta wa karibu kilomita 5, na ndani yake bunduki zilipigwa marufuku. Huruma hiyo iliishia nyumbani: msituni Guyana, Waterton huyohuyo aliua ndege wengi ili awakaushe kwa maonyesho.

Watu wa kawaida waliingia katika desturi ya kuwatunza ndege kwa sababu ya baridi. Majira ya baridi ya 1890–91 yalikuwa makali na marefu, na magazeti yakawahimiza wasomaji kuwatupia ndege makombo. Wakati huo tayari Emily Williamson alikuwa ameanzisha huko Didsbury, mwaka 1889, chama cha wanawake waliokataa kofia za manyoya ya ndege. Ndicho kilichokua kikawa RSPB, chama cha kifalme cha kulinda ndege. Kufikia 1910 jarida la Punch liliita kulisha ndege burudani ya taifa. Vita vya Pili vya Dunia vilirudisha mambo nyuma. Sheria ya 1940 ilikataza kupoteza chakula, na waliowamwagia ndege mkate waliweza kutozwa faini.

Amani iliporudi, makombo yaliipisha biashara. Karanga na alizeti zilipata wateja, kisha mbegu nyeusi za nug, zao la mafuta la Ethiopia na India, ambazo chiriku wenye uso mwekundu huzipenda mno. Mwaka 1979 RSPB ilianza kuwaalika watoto kuhesabu ndege bustanini kwa saa moja mwishoni mwa Januari. Watu wazima nao wakajiunga, na hesabu hiyo bado hufanywa kila mwaka.

Ndege nao hawakubaki walivyokuwa. Mwaka 1921, huko Swaythling, ndege wadogo walionekana wakitoboa vifuniko vya chupa za maziwa milangoni ili wanywe malai, na ujuzi huo ukaenea nchini. Jambo kubwa zaidi ni la ndege wenye utosi mweusi wa Ulaya ya kati: baadhi yao waliacha kuhamia kusini wakati wa baridi, wakaelekea Uingereza, ambako chakula cha bustanini huwasaidia kuishi. Watafiti walithibitisha kwamba makinda hurithi mwelekeo huo kwa damu.

Mkusanyiko wa ndege penye chakula ulileta maradhi pia. Tangu 2005 kimelea cha kooni, kinachopitia chakula na maji yaliyochafuliwa kwa mate, kimewaua chiriku wa kijani kwa wingi, hata mwaka 2021 wakaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza. Kuosha vyombo vya kulishia mara kwa mara sasa ni sehemu ya desturi yenyewe, na dalili za ugonjwa zikionekana, chakula huondolewa bustanini kwa muda.